Pumba zangu zina ukungu. Je, ni mali?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina mashine ya kusaga mahindi Kilosa. Pumba zikilowa huota ukungu. Nasikia viwanda hutumia kuvu kutengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazovunja chakula. Naweza kuanza na huu wangu?
Mwenye mashine, Kilosa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huo ulioota wenyewe, tafadhali usiutumie, hata kwa kuku. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kwa macho huwezi kuitambua.

Lakini wazo lako ni zuri mno! Kuvu haina tumbo. Humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, vikavunja wanga, ndipo inyonye sukari. Jokichi Takamine, mkemia Mjapani, alipata hataza (haki ya ubunifu) Marekani mwaka 1894 kwa kuotesha kuvu nyingine, Aspergillus oryzae, kwenye pumba za ngano. Dawa yake ya tumbo, iliyotokana na vimeng'enya hivyo, iliuzwa sana.

Kazi yenyewe huanza na mbegu safi ya kuvu kutoka maabara. Pumba hupikwa kwa mvuke kuua vijidudu, zikapoa, zikabaki na unyevu bila kuchuruzika. Huchanganywa na mbegu hiyo, zikatandazwa nyembamba kwenye trei, maana kuvu ikikua hutoa joto, na rundo nene hujiunguza lenyewe. Baada ya siku chache huloekwa, maji yakachujwa: vimeng'enya vimo humo.

Nenda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ukaulize idara ya sayansi ya chakula. Wakati unasubiri, anika pumba zako mpya juu ya turubai, si chini.