Kuhakiki vitabu vya michoro vya mchapishaji mdogo: kishike kwanza mkononi

Ndugu yangu wa Moshi, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema mchapishaji mdogo amekutumia vitabu vitatu, kimoja cha watoto chenye picha, kimoja cha manga (hadithi za katuni za Kijapani) na kimoja riwaya ya michoro, akikuomba uvihakiki. Kila ukianza kuandika unajikuta unasimulia kisa mwanzo hadi mwisho, na unapoona kasoro unasita kwa kuogopa kumwangusha mtu mwenye mtaji mdogo. Nimeandika hakiki za vitabu vya namna hiyo kwa miaka saba, nikiwa na kikundi cha usomaji cha vijana wa sekondari hapa Kaloleni, Arusha. Kosa langu kubwa kuliko yote lilinifika huko huko kwenu, kwa hiyo naanza nalo.

Mchapishaji mmoja alinitumia riwaya ya michoro kwa barua pepe. Niliisoma kwenye kompyuta, kila ukurasa ukiwa umejaa kioo kizima, na michoro ilikuwa mizuri kweli. Nikaandika uhakiki wa kuisifu, na mwalimu mmoja wa Moshi aliyeusoma akaishawishi shule yake inunue nakala 12. Baada ya wiki chache alinipigia simu, akaniomba nifike nizione. Kulikuwa na mchoro wa mlima uliotandazwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, ambao mimi niliusifu kwa aya nzima. Katika kitabu chenyewe kilele chake kilikuwa kimezama penye mgongo, na mtoto aliyesimama kileleni, ambaye ndiye kiini cha tukio, hakuonekana mpaka ukipanue kitabu kwa nguvu za mikono miwili. Wanafunzi walikuwa wamekipanua hivyo hivyo, gundi ikaachia, na kurasa zilizochomoka zilikuwa zimefungwa kwa rababendi. Mwalimu hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kaka, kitabu hiki ulikishika mkononi?" Sikuwa nimekishika.

Tangu siku hiyo kila uhakiki wangu unaeleza kama nimesoma nakala ya karatasi au faili, na nakuomba nawe ufanye hivyo. Kitabu cha maneno bila picha hakiharibiki sana kikisomwa kwenye simu, lakini katika kitabu cha michoro karatasi, wino, ukubwa na namna kilivyofungwa ni sehemu ya kazi yenyewe. Kiangalie kwa juu, pale mgongo unapokutana na kurasa. Ukiona vifungu vidogo vidogo vya karatasi zilizokunjwa, kwa kawaida kimeshonwa kwa uzi; ukiona karatasi zimekatwa sawasawa na kubandikwa, ni gundi peke yake, na ukiweke wazi jambo hilo, kwa sababu sisi tulio mbali na maduka makubwa hununua bila kuona, kitabu kikaja kwa basi au kwa posta. Mchapishaji mkubwa ana wahakiki wengi wa kumsahihisha. Kwa mchapishaji mdogo, huenda maneno yako ndiyo pekee mnunuzi atakayoyapata.

Kuhusu kusimulia kisa: chagua ukurasa mmoja, ueleze jinsi unavyofanya kazi, na kisa kipe sentensi tatu tu. Mfano wangu ni *Aya*, iliyoandikwa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie, ambayo kwa Kiingereza ilitolewa mwaka 2007 na Drawn & Quarterly, nyumba huru ya uchapishaji ya Montreal, Kanada. Ningeweza kukueleza kwamba inahusu wasichana wa mtaa wa Yopougon, Abidjan, nchini Ivory Coast, mwishoni mwa miaka ya 1970, na usingejua chochote kuhusu uzuri wake. Uzuri uko kwenye rangi zinazobadilika jua linapozama, hadi msomaji ajue ni saa ngapi kabla hajasoma neno; uko pia kwenye kurasa za nyongeza, ambamo wasomaji wanafundishwa kufunga kitenge na kutengeneza juisi ya tangawizi. Vijana wangu waliitengeneza juisi ile, na ninakumbuka kwamba nakala yetu ilirudi rafuni na alama ya kidole penye ukurasa huo.

Nyumba hiyo hiyo ilitoa mwaka 2011 kitabu cha mchoraji wa manga Shigeru Mizuki kuhusu askari wa Kijapani waliotumwa kufa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, naye Mizuki mwenyewe alipoteza mkono wake wa kushoto katika vita hiyo. Askari amewachora kwa mistari michache, karibu kama katuni za gazetini, ilhali msitu na bahari vimechorwa kwa undani wa picha za kamera. Mhakiki anayesema tu kwamba "michoro inavutia" amelipita jambo lenyewe: watu wepesi wa kufutika wamewekwa ndani ya ulimwengu mzito usiojali kama wapo.

Sasa manga. Kwanza mweleze msomaji kitabu kinafunguliwa upande gani. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini zamani wachapishaji wa Marekani walizoea kuzigeuza kurasa kama zinavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, mpaka kampuni ya Tokyopop ilipoanza mwaka 2002 kuzitoa kwa wingi katika mwelekeo wake wa asili. Kugeuza si jambo dogo. Mpiga upanga wa mkono wa kulia anakuwa wa mkono wa kushoto, na kimono (vazi la Kijapani), ambayo kwa mtu aliye hai upande wa kushoto hulazwa juu ya ule wa kulia, inageuka kuwa imevaliwa kama inavyovalishwa maiti. Kisha tazama vivuli vya kijivu, ambavyo huwa ni vidoti vidogo vilivyopangwa. Ukurasa ukipunguzwa ukubwa bila uangalifu, vidoti hivyo hufanya mawimbi yasiyokusudiwa, na hii ni kasoro ninayoikuta mara nyingi.

Tafsiri ninaipa nafasi kubwa kwa sababu tulijaribu wenyewe. Tulichukua kurasa nne za manga kwa mazoezi tukaziweka kwa Kiswahili, tukagundua kwamba viputo vya maneno vya Kijapani ni virefu na vyembamba, maana maandishi yao hushuka kutoka juu, ilhali sisi tuna maneno kama "hawakutusikiliza" ambayo hayakatiki bila kuumia. Kwa upande mwingine, sauti zilitufurahisha. Wajapani huandika *shiin* kuonyesha ukimya, jambo ambalo Kiingereza huhangaika nalo, lakini binti mmoja wa kidato cha pili aliandika "jii" bila kufikiri hata sekunde moja, na kisanduku kizima kikatulia. Tangu hapo nikisoma tafsiri ninauliza kama mfasiri alilisikia tukio au alihamisha maneno tu.

Kitabu cha watoto usikihakiki peke yako. Msomee mtoto, uone kidole chake kinakwenda wapi. Niliwahi kusifu picha za kitabu chenye mandhari ya Kilimanjaro, hadi mtoto wa darasa la tatu, ambaye bibi yake ana kihamba (shamba la ukoo la migomba) Machame, aliponionyesha mkungu ambao ndizi zake zote zilielekea chini, wakati mkungu halisi ndizi zake hupinda kuelekea juu. Kwa mtoto wa migombani kosa hilo lilitosha kukifanya kitabu kiwe cha watu wengine.

Hofu yako ya kumwangusha mchapishaji ninaielewa na ninaiheshimu, lakini sifa isiyo ya kweli humletea mauzo mara moja tu. Yule wa kitabu cha mlima nilimwandikia nikamweleza yote, pamoja na kwamba ninaurekebisha uhakiki wangu. Alijibu siku iliyofuata akisema kwamba nakala nyingi zilikuwa zimeshauzwa, na hakuna msomaji aliyewahi kumwambia kuhusu mgongo ule. Kitabu chake kilichofuata kilikuwa na nafasi pana kwa ndani na kilishonwa kwa uzi. Nilikinunua kwa fedha yangu, nikaisifu kazi ile kwa moyo wote.

Kwa hiyo, kama hivyo vitatu umetumiwa kama faili, mwombe mchapishaji nakala ya karatasi hata ya kimoja tu, na ningependa kiwe kile cha manga. Kikifika, kabla hujasoma neno lolote, kifungue katikati, kiweke mezani, uondoe mikono, uone kama kitabaki wazi.