Huenda mama hafichi, hatambui tu
Dada, umesema mama ana kisukari miaka mingi, na kila ukimuuliza anajisikiaje anajibu "mgongo unauma" au "nimechoka", basi. Wewe unadhani anakuficha. Mimi sidhani. Kuna watu ambao huzuni au hasira ikiwapata wanaisikia mwilini tu: kifua kinabana, tumbo linavuruga, lakini ni hisia gani hawajui. Wataalamu huita hali hii aleksithimia, jina alilolianzisha daktari Peter Sifneos miaka ya 1970, na huonekana zaidi kwa wenye maradhi ya kudumu.

Kwa mwenye kisukari mambo huchanganyika hasa. Sukari ikishuka, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio. Hofu nayo huleta hayo hayo! Akizoea hivyo, kila kitu anakisingizia sukari. Kwa hiyo akianza kutetemeka mpime sukari kwanza. Ikiwa chini ya 4 kwa kipimo cha mmol/L, apewe juisi au maji ya sukari mara moja. Ikiwa iko sawa, zungumza naye, ila usimuulize "unajisikiaje?" Muulize kilichotokea kabla: nani alipiga simu, kasema nini. Kisha anza wewe: "Mimi ningekasirika, mama. Wewe je?" Halafu nyamaza, mpe nafasi.

Na siku ya kliniki mwambieni daktari, tafadhali. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, huwapata wengi wenye kisukari, na mara nyingi huonekana kama uchovu na maumivu tu.