Neti tuliyoiacha Kisumu

Tulipohama kutoka Manyatta, Kisumu, kuja Free Area hapa Nakuru, mwanangu alikuwa anakaribia miaka minne. Nilikuwa nimepanga kila kitu: chekechea, nyumba, hata mama mboga wa kunikopesha. Usiku wa kwanza akalia hadi saa sita. Wa pili vilevile. Nikadhani anamlilia dani, nyanya yake, tuliyeishi naye ua mmoja. Usiku wa tatu akaelekeza kidole darini: "Nyumba yangu iko wapi?"

Alikuwa anauliza neti. Kule ziwani, kwa ile malaria, mtoto halali bila neti. Kwa kuwa mbu wa hapa si wa kutisha kama wa kule, nilikuwa nimeiacha kwa dani. Kumbe kwake haikuwa kinga ya mbu. Neti ikishushwa na kuchomekwa chini ya godoro, ndipo alipojua siku imeisha. Nikanunua nyingine mjini, nikapigilia msumari. Alilala kabla sijamaliza kuchomeka upande wa ukutani.

Tangu hapo, kabla sijabadilisha lolote, hujiuliza kwanza nini kibaki palepale. Usijijibu haraka, mwangalie mtoto jioni mbili tatu. Kinachomshikilia huenda ni kikombe kilichopasuka mkono.

Asubuhi zetu nazo zilikuwa vita. Nilikuwa namwambia, "Basi la shule linakuja saa kumi na mbili na nusu." Mtoto wa miaka minne ana habari gani na saa? Anachojua ni hiki kinafuata kile. Sasa tunaimba usiku, neti ikishachomekwa: choo, uji, viatu, basi. La mwisho analitaja yeye. Siku moja unga wa wimbi uliisha nikampa chai na mkate. Akasimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, basi linapiga honi nje. "Uji bado," akasema. Ningemwambia usiku tu kwamba kesho ni chai, tungeokoa kelele nyingi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumtoroka. Dada wa kazi mpya alipokuja, nilisubiri katuni zianze nikapita mlango wa nyuma. Siku nne nikajiona mjanja. Ya tano hakutazama katuni tena. Alinifuata hadi chooni ameshika leso yangu. Siku hizi namuaga machoni: "Naenda kazini, nitarudi ukishaoga." Analia, ndiyo. Dada ananiambia hunyamaza kabla sijafika stejini. Na ukimpa mtoto ahadi ya kurudi, rudi. Ukiweza, dada mpya afike Ijumaa, muwe naye nyumbani wikendi nzima kabla hujamwachia mtoto.

Kuoga je? Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, Nakuru ni zaidi ya 1,800. Mtoto aliyezoea kumwagiwa maji ya beseni uani, unamvua nguo asubuhi ya Julai hapa! Wiki mbili nilimwita mkaidi, kumbe ni baridi tu. Tukahamishia kuoga jioni, maji ya moto, yakaisha.

Alirudia pia kukojoa kitandani, naye alikuwa ameshaacha. Hilo hutokea mtoto akihamishwa. Usimtangaze kwa majirani. Tandika karatasi ya nailoni chini ya shuka, unyamaze. Kwetu lilipita baada ya mwezi hivi. Lakini akiwa na homa, kiu isiyoisha au maumivu akikojoa, mpeleke kliniki.

Likizo ndiyo inayoharibu kila kitu, na hatujifunzi. Mtoto anakesha kwa nyanya mwezi mzima, analetwa Jumapili jioni, Jumatatu saa kumi na moja anaamshwa, halafu lawama kwa mwalimu. Mimi humrudisha wiki moja kabla shule zifunguliwe, na kila jioni navuta saa ya kulala nyuma kwa robo saa.

Juzi tulikuwa tunapanga safari ya Kisumu akauliza kama neti yake ya zamani bado iko. Nikampigia dani simu. Iko, lakini amefunikia vifaranga. Itabidi twende na ya hapa.