Kwa anayeanza kufuatilia homa ya matumbo kwa jenomu

Wengi huogopa mashine ya kusoma jenomu, yaani DNA yote ya bakteria, ilhali kazi huharibika kabla haijaifikia. Anzia kwenye damu. Katika homa ya matumbo mililita moja huweza kuwa na bakteria mmoja tu, au hata asiwemo. Mtu mzima atolewe mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa ya kuoteshea bakteria, kabla hajaanza antibiotiki. Ukichukua 2, chupa inaweza isiote kitu na mgonjwa akaandikiwa "hana".

Bakteria wakiota, chagua koloni moja (kitone cha bakteria waliotokana na mmoja), iotesheni tena kwenye sahani mpya, kisha muigandishe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri ndani ya gliseroli ya asilimia 20. Msichelewe: ikioteshwa upya mara kwa mara bila antibiotiki inaweza kupoteza plasmidi ya IncHI1, kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, ambayo mara nyingi ndiyo imebeba usugu wa dawa mnaoutafuta. Vichupa viwili, friza mbili, na umeme usiwe wa njia moja.

Kiasi cha DNA kipimwe kwa Qubit, kifaa kinachohesabu DNA peke yake. Kifaa kingine, NanoDrop, huhesabu na RNA, ikakupa namba ya kufurahisha, halafu mashine ikakosa cha kusoma. Majibu yakirudi, tazama ukubwa: jenomu ya Salmonella Typhi, bakteria wa homa ya matumbo, ina herufi za DNA milioni 4.8 hivi. Ukiona milioni 8 au 9, kuna bakteria wawili humo. Rudi kwenye sahani, usihangaike kuwatenganisha kwa kompyuta.

Tarehe andika 2024-04-03. "03/04" kwa mmoja ni Aprili, kwa mwingine Machi.

Kazi ngumu ni kuusoma mti wa ukoo, mchoro wa undugu wa bakteria waliosomwa. Typhi hubadilika polepole, yapata herufi moja kwa mwaka au pungufu, kwa hiyo sampuli mbili zinazofanana kabisa hazithibitishi kwamba jirani kamwambukiza jirani. Huenda zimepishana miaka miwili. Halafu kuna pengo la sampuli. Tuseme nchi moja ina jenomu 500 kwenye hifadhidata na jirani yake 4: mti utaelekea kuitaja ile ya 500 kuwa chanzo, hata kama ugonjwa ulitoka kwa jirani. Safari ya H58, ukoo mmoja wa Typhi, kutoka Asia Kusini hadi Afrika Mashariki ilionekana vizuri katika utafiti wa 2015 kwa sababu ulikusanya sampuli za nchi 63. Mwenye sampuli za hospitali moja ya rufaa aandike "jamaa wa karibu kati ya waliokwisha kusomwa", na ataje wilaya ambazo hazikuleta hata sampuli moja.