Kwa wewe unayeanza kushika mishahara ya miradi ya serikali Marekani

Kampuni ya ujenzi iliyokuajiri ikipata tenda yenye fedha za serikali kuu, iwe barabara, zahanati au nyumba za watu wa kipato cha chini, kazi yako ya mishahara hubadilika siku hiyo hiyo. Kwenye nyumba ya mtu binafsi fundi analipwa mlichokubaliana, mradi kisipungue kima cha chini. Hapa analipwa kile ilichoamuru sheria ya Davis-Bacon ya mwaka 1931: ujira usiopungua ule wanaolipwa wenzake wa fani hiyo katika eneo hilo. Kwa kawaida sheria inashika mkataba unaozidi dola 2,000, na siku hizi mkataba wa ujenzi ulio chini ya hapo ni nadra.

Nawaandikia hasa ndugu waliosomea uhasibu Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu na sasa wanaanza ofisini huku. Hesabu zenyewe hazitawashinda. Kinachowaangusha wengi ni kudhani kazi hii inaanzia kwenye kompyuta, na ukweli ni kwamba inaanzia saiti.

Jambo la kwanza, omba nakala ya mkataba na utafute ndani yake jedwali la viwango vya mishahara. Usikimbilie kupakua la leo kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali inayotoa majedwali hayo. Kwa kawaida linalokufunga ni lile lililowekwa kwenye mkataba wenyewe, hata kama baadaye limetoka jipya. Angalia kaunti, na angalia aina ya ujenzi, kwa sababu zipo nne: majengo, makazi, barabara na kazi nzito kama mabwawa. Kila fani ina viwango viwili vya kwa saa, ujira wa msingi na mafao, yaani nyongeza kama bima ya afya na pensheni. Soma na maelezo madogo ya chini, maana kwa fani kama mafundi wa lifti huko ndiko zinakojificha sikukuu na likizo za kulipwa.

Sasa swali linaloumiza watu: huyu ni nani kwenye jedwali? Cheo alichoandikiwa siku ya kuajiriwa hakina uzito. Kinachohesabika ni kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Niliwahi kupokea orodha kutoka kwa mkandarasi mdogo, watu wote wameandikwa vibarua, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Nikaenda saiti. Nikamkuta mmoja wao, Mkongo, amepanda ngazi, bodi ya jipsamu ameiegemeza kwa bega, anaipiga skrubu darini. Nikamwamkia kwa Kiswahili, nikamuuliza tangu asubuhi amefanya nini. Akajibu bila kusita: kubeba bodi saa mbili, zilizobaki zote ni kufunga dari. Kwenye jedwali letu kufunga bodi ilikuwa kazi ya seremala, na seremala alimzidi kibarua kwa mbali. Yule bwana alikuwa anapunjwa kila saa, na hakujua kwamba kuna bango la haki zake ambalo sheria inataka libandikwe pale pale kazini aweze kuliona.

Mtu akifanya kazi za fani mbili kwa siku moja, unaruhusiwa kumlipa kila saa kwa kiwango chake, ila tu kama daftari la saa linaonyesha mgawanyo huo. Bila daftari hilo, mlipe kiwango cha juu kwa saa zote. Na neno mwanagenzi lisikudanganye: anayelipwa pungufu kwa sababu anajifunza ni yule tu aliyesajiliwa katika programu inayotambuliwa na serikali. Mpwa wa bosi aliyekuja kujifunza kiangazi hiki analipwa kiwango kamili cha kazi anayoifanya.

Mafao nayo yana mtego wake. Chukua mfano wa seremala mwenye ujira wa msingi wa dola 32 kwa saa na mafao ya dola 14.50 kwa saa. Mwajiri anaweza kumpa mafao yote taslimu, au kuyaweka kwenye bima ya afya na pensheni, au kuchanganya. Tuseme kampuni inamlipia bima ya dola 520 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 6,240. Gawanya kwa saa 2,080 za mwaka mzima, unapata dola 3 kwa saa, kwa hiyo anadai dola 11.50 zilizobaki mkononi. Wapo wanaogawanya kwa saa za mradi wa serikali peke yake. Zikiwa 1,000, bima inageuka kuwa dola 6.24, na fundi anapoteza dola 3,240 kwenye mradi huo huo. Hilo haliruhusiwi, kwa sababu bima inamlinda hata siku anazofanya kazi za watu binafsi. Makato ya lazima kisheria, kama hifadhi ya jamii na fidia ya ajali kazini, hayahesabiwi kuwa mafao hata kidogo.

Ovataimu baada ya saa 40: zidisha ujira wa msingi kwa moja na nusu, kisha ongeza mafao yale yale. Seremala wetu anapata 48 kujumlisha 14.50, yaani dola 62.50. Ukisahau mafao kwenye saa hizo, umempunja.

Malipo ni kila wiki, na orodha ya mishahara inapelekwa serikalini kila wiki, ndani ya siku saba baada ya siku ya malipo. Wengi hutumia fomu ya WH-347 ya Wizara ya Kazi. Andika tarakimu nne tu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii (Social Security) ya mfanyakazi, anwani ya nyumbani usiiweke. Tamko linalosainiwa pamoja na orodha ndilo zito kuliko yote. Anayesaini anathibitisha kwamba kila mtu amelipwa kamili, na kusema uongo hapo ni kosa la jinai. Ukiambiwa usaini wiki ambayo hujaona daftari la saa, kataa kwa heshima na uombe daftari. Huo si ukaidi.

Mkandarasi mkuu anawajibika kwa wadogo wake wote, kwa hiyo orodha zao zisome kama zako. Mkaguzi akija huzungumza na wafanyakazi mmoja mmoja, anawauliza kazi wanayofanya na pesa wanayopata, kisha analinganisha na karatasi zako. Akikuta pengo, serikali inaweza kuzuia malipo ya mkandarasi, na anayekiuka kwa makusudi hufungiwa tenda za serikali miaka 3.

Ukigundua upungufu mwenyewe, usingoje aje. Piga hesabu ya tofauti, mlipe mtu haki yake, peleka orodha iliyosahihishwa, na uweke ushahidi wa malipo pamoja na madaftari ya saa kwa miaka 3 baada ya mradi kukamilika.