Mfumo mpya umenifanya nionekane mwizi kaunta

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nafanya duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, huu mwaka wa tisa, mauzo na stoo yote nilikuwa naweka kwenye Excel, faili nimelitengeneza mwenyewe, hata uniamshe usiku nakwambia bati geji 30 ziko mstari wa ngapi. Mwezi uliopita bosi kaleta mfumo mpya wa mauzo, vijana wakaja wakatufundisha masaa mawili, tukala sambusa, wakaondoka. Tangu siku hiyo sina amani. Invoisi ya dakika moja sasa inanichukua sita na mteja kasimama anagongagonga funguo kaunta. Nikikosea haikubali kufuta, inaniwakia maandishi mekundu ya Kiingereza. Juzi ndoo ya rangi ya 118,000 mfumo umetoa 139,240, mteja akanipigia kelele mbele za watu. Kuna kijana tumemwajiri juzijuzi tu, yeye anabonyeza kama anacheza gemu. Nimefikia kulia chooni kaka. Niache kazi au nirudie Excel yangu kimya kimya? — Mama Bati, Dar

JIBU: Pole sana dada. Tuanze na hiyo rangi maana kosa sio lako. Chukua kalkuleta piga 118,000 mara 1.18. Umeona? Bei yenu ilikuwa na VAT ndani tayari, yaani 100,000 ya rangi na 18,000 ya kodi, sasa aliyeingiza bei kwenye mfumo kaziweka kama vile kodi bado, mfumo nao ukaongeza asilimia 18 nyingine juu. Kwa kawaida kwenye mipangilio ya bidhaa kuna sehemu ya kutiki kama bei ina VAT au haina. Mwambie bosi awapigie hao vijana wa sambusa leo leo, kwa sababu kama rangi iko hivyo basi misumari na nondo pia zikaguliwe, na risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi) ikishatoka na hesabu mbovu hiyo inakuwa shughuli nyingine kabisa.

Kuhusu kufuta, aisee Excel ilikudekeza. Kule unaingia kwenye seli unatoa 40 unaweka 14 na hakuna anayejua. Mifumo ya hesabu mingi imezuiwa makusudi, invoisi ikishapita inabaki, ukikosea unatoa kredit noti ya kuifuta kihesabu halafu unaandika nyingine. Inachosha, ila siku mifuko 20 ya saruji ikipotea ndio utaishukuru, maana inaonyesha nani aliingia na saa ngapi. Kwa hiyo paswedi yako usimpe mtu, hata huyo kijana, hata foleni ifike barabarani.

Hizo dakika sita ni mikono tu, kichwa chako kizima. Mimi Word ya 2007 ilipokuja, menyu zote nilizozizoea zimeondolewa, nilizunguka karibu nusu saa natafuta pa kuprinti, kumbe pamefichwa kwenye kile kidude cha duara kule juu kushoto ambacho mimi nilidhani ni pambo (toleo la 2010 wakarudisha neno File, nadhani sikuwa peke yangu). Wewe chagua vitu vinne unavyofanya kila siku, andika hatua zake kwenye karatasi, bandika pembeni ya skrini. Bidhaa zinazotoka sana omba zipewe msimbo mfupi (code), bati geji 30 iwe B30, uandike badala ya kutafuta kwenye orodha ndefu. Na huyo kijana mtumie, ila mausi ushike wewe, yeye aongee tu. Akishika yeye hutajifunza kitu.

Excel kimya kimya hapana dada, stoo itakuwa na hesabu mbili na zikigongana utaulizwa wewe. Mwombe bosi waziwazi viende vyote viwili mpaka mwisho wa mwezi, mlinganishe, hapo ndio mtajua bei gani nyingine iliingizwa vibaya. Na wakitaka kuhamisha wateja kutoka kwenye faili lako angalia namba za simu kwanza, Excel ina tabia ya kula sifuri ya mbele, 0754 inabaki 754.