Pesa za Mkupuo Sikuwa Nazo: Nilivyojenga Kompyuta ya Gemu kwa Zamu

Tangu yale mashindano ya EA Sports FC, gemu ya mpira, pale maskani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, Ramadhani iliyopita, simu yangu haipumui. "Kaka, nitumie listi." "Ami, mashini yako ina nini ndani?" "Bro, nikikupa pesa utanijengea?" Nimejibu wachache, kisha nikaona bora niandike mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake.

Kwanza niwaambie walikoipata hiyo hamu. Mashini iliwashwa baada ya tarawehe, ikazimwa watu walipoondoka kwenda kula daku. Kaskazi ilikuwa imeshika kwelikweli, hewa nzito, na pale tulipokaa hakuna kiyoyozi, ila feni moja ya kusimama iliyokuwa inawapepea watazamaji zaidi kuliko kompyuta. Pedi zilipita mkono kwa mkono usiku kucha na haikukwama hata mara moja. Kulikuwa na leptopu ya gemu pia, ya bei kama mara mbili ya mashini yangu, imeletwa na kijana wa Nyali. Hiyo kabla ya robo fainali ilishaanza kupunguza kasi kwa joto, wachezaji wakatembea kama wamo kwenye maji. Sisemi kwa kumcheka. Labda kidogo.

Maana na mimi nilichekwa. Nilipoanza safari hii niliingia duka moja mjini, nikamwambia muuzaji bajeti yangu ni kama shilingi 60,000. Hakuniuliza nacheza gemu gani, hakuniuliza nina skrini gani nyumbani. Alinitazama kuanzia makubadhi hadi kofia, akasema, "Kijana, kwa pesa hizo cheza simu." Wateja wawili wakaangua kicheko. Mimi ni baba wa watoto, nimeitwa kijana mbele ya watu na nikaambiwa nikacheze simu. Nilimshukuru, nikatoka. Lile neno lilinikaa, na nikisema limeshatoka nitakuwa naongopa.

Na ukweli ni kwamba hizo 60,000 sikuwa nazo mfukoni. Mimi ni klarani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara ukiingia, kodi inachukua lake, ada ya madrasa na shule inachukua lake, na kinachobaki kinakwenda chama. Kwa hiyo sikuwa na namna ya kununua kompyuta siku moja. Nikaamua kununua kama watu wa kwetu wanavyojenga nyumba: msingi mwaka huu, kuta pesa ikipatikana, bati baadaye. Sharti moja tu nilijiwekea, na ndilo ninalowapa ninyi pia: kipande ninachonunua leo nisije nikakitupa kesho kwa sababu kingine kimekuja.

Sharti hilo peke yake lilinichagulia mazabodi, ule ubao mkuu ambao vipande vingine vyote vinachomekwa. Nilikwenda kwa AMD, kampuni ya prosesa za Ryzen, soketi ya AM4 (soketi ni kikalio cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta). Soketi hii imekuwepo tangu enzi za Ryzen za kwanza mwaka 2017 na ikaendelea mpaka Ryzen za 5000, kwa hiyo mazabodi moja ya B450 unaweza kuianzisha na prosesa ya bei ndogo, na miaka ikipita ukaweka kubwa bila kung'oa kitu kingine. AM5 ni mpya zaidi, lakini inataka RAM (kumbukumbu ya kazi) ya DDR5 tu, ya kizazi kipya, na hapo bajeti ya mtu kama mimi inakufa kabla ya kuzaliwa. Prosesa nilichukua Ryzen 5 5600G, ya 2021, kori 6, nyuzi 12, wati 65. Hiyo herufi G ndiyo niliyoilipia: ina grafiki ndani yake. Maana yake nilicheza kabla sijamiliki kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora picha za gemu. GTA V ilikwenda, Valorant ilikwenda vizuri, FC nikapunguza mapambo ikakubali. Ukinunua B450 ya mtumba, muulize mwenyewe kama BIOS, programu ya kuamshia mazabodi, imesasishwa kuanzia 2021 na kuendelea. Isiposasishwa, 5600G haitawaka, na utadhani umeuziwa kitu kibovu.

RAM, nunua vijiti viwili vya 8GB, usinunue kimoja cha 16. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakopa ya RAM, na vijiti viwili vinaipa njia mbili za kupita. Tofauti utaiona kwa macho, huhitaji kipimo. Mimi nilinunua kabla bei haijapaa. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imekuwa ghali dunia nzima kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Micron, moja ya kampuni zinazotengeneza chipu hizo, ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaacha kabisa kuuza RAM za Crucial kwa watu wa kawaida kama sisi. Kwa sasa ningetafuta RAM ya DDR4, ile inayokubaliwa na AM4, iliyochomolewa kwenye kompyuta za ofisi. Angalia tu iwe imetoka kwenye tawa, yaani kasha kubwa la kusimama, si kwenye vile vijikompyuta vidogo vinavyofungwa nyuma ya skrini, maana vile vinatumia vijiti vifupi vya leptopu.

Sasa pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wa bajeti wanapojiumiza. Kasha jeusi la bei rahisi linakuja na pawa saplai ndani, imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, na mtu anafurahi kwamba ameokoa pesa. Igeuze usome lebo. Tafuta mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi karibu umeme wao wote wanautoa hapo. Ukikuta ampea 16, zidisha: 12 mara 16 ni wati 192. Hizo nyingine zote mpaka kufika 500 ni porojo. Nimeshika mkononi moja ya namna hiyo, nyepesi kama haina kitu ndani. Nilinunua mpya, wati 550, yenye alama ya 80 Plus Bronze (haipotezi umeme mwingi), kutoka kampuni inayojulikana, na ndicho kitu pekee ambacho sikukubali kukinunua mtumba. Wenzangu walinicheka nilipoileta nyumbani peke yake, kadi sina, kasha sina. Wakaniuliza kama nitaichezea hiyo. Umeme wa mtaani kwetu unakatika na kurudi kwa kishindo, na kila unaporudi ndipo vitu vinapoungua. Leo hao hao wananiomba listi.

Ukiweza, ongeza kifaa cha kulinda volti, kile wanachofungia friji. UPS, ile betri ya kushikilia stima ikikatika, nayo isome vizuri: VA si wati. Nyingi za VA 650 zinabeba wati 360 au 390, inatosha kuokoa mechi na kuzima kwa adabu, haitoshi kucheza gizani.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alipinga jambo zima kwa hoja ya tokeni za umeme. "Hilo dude litatula." Nikamkalisha nikampigia hesabu: mashini nzima ikiwa kwenye gemu, pamoja na skrini, ni kama wati 250, kwa hiyo uniti moja inakaa saa nne. Pasi yake anayonyooshea mabuibui inamaliza uniti hiyo kwa saa moja au chini. Hakufurahi kutajiwa pasi, ila mjadala uliisha.

Kadi ilikuja mwisho, zamu yangu ya chama ilipofika. Tangu Ethereum, sarafu ya mtandaoni iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi hizi, iache uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizokuwa zikichimba sarafu usiku na mchana zilimwagwa sokoni, na nyingine ziko huku kwetu zimepanguswa zinang'aa. Kuchimba peke yake si dhambi, kadi nyingi zimetoka salama. Dhambi ni kuuziwa usichokijua. RX 580 halisi ina vichakato vidogo 2304. Kuna nyingine iliyoandikwa RX 580 ambayo ina 2048, na hiyo kwa uwezo ni RX 570 tu. Programu ya GPU-Z ni ya bure, inaingia kwenye flashi, inakuonyesha namba hiyo, na kadi za zamani za NVIDIA zilizobadilishwa jina inaziandikia FAKE mbele ya jina lake.

Mimi nilipata RX 6600, 8GB, kwa jamaa wa Tudor aliyekuwa na tiketi ya kwenda Doha kikazi. (Watu wanaohama ndio wauzaji bora: wana haraka, na wana vifaa walivyovitumia wenyewe.) Nilimwambia sitoi pesa mpaka FurMark, programu ya kuichosha kadi, izunguke robo saa mbele yangu. Tukaiwasha, haijafika hata nusu, stima ikapotea. Akataka nimlipe niende. Nikamwambia nitangoja. Tukakaa barazani, kahawa ikapita, tangawizi ikapita, adhana ya adhuhuri ikatukuta pale pale. "Yaani huniamini?" akaniuliza, na amekasirika kweli. Nikamjibu, "Wewe nakuamini, kadi ndiyo siijui." Stima iliporudi tukaanza upya, ikamaliza bila doa, nikalipa. Mpaka leo hatuzungumzi sana, lakini kadi ni nzima.

RX 6600 inataka wati 132 na waya mmoja wa pini 8. Pawa saplai ile ile niliyochekewa iliupokea bila kutikisika.

Hapa pwani kuna adui mwingine ambaye wale wanaopima kadi kwenye video kutoka Ulaya hawamjui: chumvi. Mazabodi iliyokaa nyumba ya ufukweni utaitambua kwa skrubu na bamba la nyuma lenye matundu ya waya, vinaanza kutu kabla ya vingine. Ukiona kutu hapo, bei ishuke au uondoke. RAM ikigoma kuwaka, chomoa, sugua meno yake taratibu kwa raba ya penseli, rudisha. Nusu ya "kompyuta zilizokufa" ninazoletewa zinafufuka hivyo. Na usiiweke mashini chini ya dirisha linaloangalia bahari, hata kama upepo ni mtamu. Joto nalo lihesabu: yule wa kwenye video chumba chake kina digrii 21, chako Februari kina 32. Digrii zile 11 zijumlishe kwenye kila kipimo anachokuonyesha. Ndiyo maana kasha langu lina wavu mbele, halina kioo. Kioo kinapendeza kwenye picha, wavu unapitisha hewa.

Na hapa ndugu zangu nitasema kwa ukali kidogo. Acheni kununua taa. Nimemwona mtu na feni za rangi saba, kibodi ya kuwakawaka, na ndani ana kijiti kimoja cha RAM na pawa saplai ya porojo. Acheni kukopa kwenye simu ili mununue kadi. Kadi haikimbii, mkopo unakimbia. Acheni kumwonea haya muuzaji: usipoelewa lebo, uliza, akikucheka toka, nenda duka la pili. Pesa yako ndogo ni pesa. Kununua kwa zamu si umaskini wa kuficha, ni mpango, na mwenye mpango hachekwi na mwenye duka. Mwenyezi Mungu ndiye anayegawa riziki, yule muuzaji anagawa risiti tu.

Kwa wanaonilalamikia ping, yaani mtandao kuchelewa kwenye gemu: kadi haipunguzi ping. Kebo za bahari za SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, lakini seva ya gemu yako ikiwa Ulaya, safari ni ile ile. Chomeka waya, achana na Wi-Fi ya jirani.

Kuna aliyeuliza afanye nini na 35,000 na hawezi kungoja zamu. Tafuta kompyuta ya ofisi ya mtumba, tawa kamili, yenye i5-8500 ya 2018, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane. Usishuke chini ya kizazi cha nane, maana Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi inaanzia hapo. Usichukue lile kasha jembamba, kadi ya kawaida haiingii. Kisha weka GTX 1650 ya aina isiyo na tundu la waya wa umeme, kwa kuwa inakula wati 75 tu inazozipata kwenye mazabodi. Utashawishiwa RX 6500 XT kwa kuwa ni mpya zaidi. Ikatae, inatumia njia nne tu za PCIe, lile tundu la kadi kwenye mazabodi, na kwenye mazabodi ya zamani kama hiyo inapungua nguvu. Kama skrini yako ni ya VGA, weka akiba ya adapta, kadi hizi hazina tundu hilo. Na ujue kwamba tawa nyingi za ofisi zina pawa saplai yenye plagi za kampuni yake, huwezi kuibadilisha kwa ya dukani, kwa hiyo siku ukitaka kupanda, kadi na SSD (diski yako) utahama navyo, hilo sanduku utaliuza kwa mwanafunzi.

Kabla hujalipa, piga picha lebo ya pawa saplai unitumie. Kabla, si baada.